Maswali na Majibu: Fedha ya Serikali Shuleni na Mtoto Asiyehesabiwa

Barua za safari hii zimetoka Newala, Lindi mjini, Ruangwa, Masasi, Mtwara mjini, Kilwa na Tandahimba. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: Serikali inapeleka fedha shuleni, mbona mtoto wa maskini na mtoto wa mwenye nacho bado hawasomi sawa? Majibu mengine yamekuwa marefu kwa sababu yanahitaji hesabu.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Newala. Shule yetu ina watoto 312 kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Mwalimu mkuu anasema kapitesheni, yaani ruzuku ya Serikali kwa kila mwanafunzi, haifiki hata 160,000 kwa mwezi. Shule ya mjini yenye watoto 1,100 inapata zaidi ya nusu milioni. Je, kuna anayetukata njiani?

JIBU: Kwa tarakimu ulizoleta, hakuna. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 hutumwa shuleni. Tangu Januari 2016 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Elfu sita ukigawa kwa miezi kumi na miwili unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Watoto 312 ni shilingi 156,000, na watoto 1,100 ni shilingi 550,000. (Sekondari ni 25,000 kwa mwaka, nusu yake vitabu na nusu yake uendeshaji, na juu yake kuna fidia ya ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa.)

Kasoro iko kwenye kanuni yenyewe. Inahesabu vichwa tu. Haijui kama shule ni ndogo, wala kama watoto wake wanatoka kaya za mikorosho mitano au mia tano. Shule ya watoto 312 ina ofisi moja, daftari moja la mahudhurio kwa kila darasa, kufuli zile zile na safari zile zile za mwalimu mkuu kwenda wilayani kama shule kubwa. Gharama hizo hazipungui kwa sababu watoto ni wachache. Ndiyo maana shule ndogo za vijijini, ambako umaskini ni mkubwa zaidi, ndizo zinazobanwa kwanza.

Kanuni hiyo kamati haiwezi kuibadilisha, ila inaweza kuhakikisha kwamba kila mtoto aliye darasani amehesabiwa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bila mwizi. Chukueni kiasi kilichoingia mwezi uliopita mkigawe kwa 500. Jibu ni idadi ya watoto ambao Serikali inawatambua shuleni kwenu. Tuseme zimeingia 131,000: hiyo ni idadi ya watoto 262, na hamsini wenu hawamo. Siku ya pili pitieni daftari za mahudhurio darasa kwa darasa, jina kwa jina, mkilinganisha na orodha ya kwenye mfumo wa takwimu za shule. Mtawakuta waliohamia kutoka shule nyingine ambao huko walikotoka hawajaondolewa, walioandikishwa baada ya takwimu za mwaka kufungwa, na wale ambao jina lao mwalimu aliliweka pembeni akingoja cheti cha kuzaliwa. Andikeni marekebisho kwa barua yenye muhuri wa shule, ipite kwa Afisa Elimu Kata hadi kwa Afisa Elimu wa halmashauri, na nakala ibaki kwenye faili la kamati. Msiseme kwa mdomo. Afisa aliyeambiwa barabarani hana cha kuambatisha anapoomba marekebisho.

Jambo moja zaidi. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi, mahali ambapo mzazi anaweza kusimama akasoma bila kubisha hodi ofisini. Mzazi aliyeona kwamba 156,000 ililipia chaki, mitihani na bati mbili anachanga kwa moyo. Aliyefichwa hesabu huhisi zipo nyingi.

SWALI: Naishi Lindi mjini, nauza maandazi. Mwanangu yuko darasa la tatu katika shule ya Serikali yenye watoto kama 400. Wazazi tulikubaliana uji, kila mtoto shilingi 1,000 kwa wiki. Nikikosa, mwanangu anaambiwa akae chini ya mwembe mpaka wenzake wamalize. Elimu si bure?

JIBU: Mama, kumweka mtoto pembeni akiangalia wenzake wanakunywa uji ni kosa, na kamati ya shule yenu inapaswa kulikomesha kesho asubuhi. Elimu bila ada ya mwaka 2016 iliondoa ada na michango ya lazima. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa mzazi, pamoja na sare, madaftari na kalamu. Lakini deni la mzazi halilipwi na tumbo la mtoto. Mchango ukikwama, anayefuatwa ni mzazi nyumbani, tena na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe wa kamati. Mwalimu wa darasa asikusanye fedha, na mtoto asitumwe nayo wala asidaiwe mbele ya wenzake.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana michango mingi ya uji hupangwa kwa kukisia. Kikombe cha mililita 300 kinataka unga gramu 40. Watoto 400 ni kilo 16 za unga kwa siku. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji unga usiofika kilo 8 kwa mwaka mzima, chini ya nusu debe la mahindi. Sukari ya gramu 10 kwa kikombe ni kilo mbili kasoro kidogo kwa mwaka. Ongeza mpishi, kuni, maji na vikombe. Shilingi 1,000 kwa wiki inafikia kama 38,800 kwa mwaka. Iombeni kamati iwaoneshe mbele ya mkutano kila kitu kimekwenda kiasi gani kwa bei ya soko lenu. Huenda kiwango ni sahihi, huenda kimezidi, lakini msikadirie tena.

Na wasio na uwezo? Tuseme kati ya watoto 400, sitini hawawezi kuchangia hata kidogo. Shule yote inahitaji unga kilo 3,104 kwa mwaka. Wakibeba 340, kila mmoja anatoa kilo 9.1 badala ya 7.8. Yaani mzazi mwenye uwezo anaongeza kilo moja na theluthi hivi ya unga kwa mwaka mzima, na hakuna mtoto anayekaa chini ya mwembe. Tungependa kila kamati ya Lindi na Mtwara isome hesabu hii kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, kwa sababu watu hukataa kubebana wakidhani mzigo ni mkubwa.

Namna ya kuwapata hao sitini: anzeni na kaya zilizomo kwenye orodha ya mtaa ya TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, kisha waongezeni ambao mwalimu wa darasa anawajua, mathalani wanaolelewa na bibi au waliofiwa na wazazi. Kazi ifanywe na watu watatu, na orodha ikae kwenye faili. Isibandikwe ukutani. Foleni iwe moja na vikombe viwe vya aina moja. Shule inayowapa wasiochangia vikombe vya rangi nyingine imewatenga hata kama imewapa uji.

Kukusanya kuna msimu wake. Vijijini kwetu mahindi yakishavunwa katikati ya mwaka, chukueni mahindi. Mbaazi zikitoka, chukueni mbaazi. Fedha taslimu ombeni minada ya korosho inapoanza kulipa, kuanzia Oktoba. Michango ya uji inayoitishwa Machi, wakati ghala za watu ni tupu, hufa kabla ya Pasaka.

Nafaka ikiingia shuleni ikiwa na unyevu, mtawalisha watoto sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Kipimo cha bei nafuu ni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia punje hadi theluthi ya chupa na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja au mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani juu ya turubai. Yaliyokauka yawekwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya matabaka matatu, ifungwe tabaka kwa tabaka na ipangwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Karanga nazo zipimwe na zichambuliwe, punje zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe. Mnaotaka uji wenye nguvu, katika kilo 16 wekeni kilo 13 za dona na kilo 3 za karanga zilizokaangwa au soya. Soya lazima ichemshwe na kukaushwa, au ikaangwe vizuri, kabla ya kusagwa. Mbichi inawaumiza watoto tumbo.

Kwa shule za uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, kikwazo hasa ni maji. Uji wa watoto 400 pamoja na kuosha vyombo unakula lita 250 hivi kwa siku, ndoo kumi na mbili au tatu. Paa la bati la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka linakusanya kama lita 80,000, kuliko mahitaji ya mwaka mzima. Linalokosekana ni mifereji ya paa na tangi. Ili kuvuka kiangazi cha Julai hadi Novemba mnahitaji akiba ya lita 25,000 hivi. Ombi la tangi lipelekeni kwa diwani na kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, likiwa na vipimo hivi. Maombi yenye vipimo husikilizwa haraka.

SWALI: Kijiji chetu Ruangwa kimeambiwa kijenge boma la darasa kwanza, ndipo Serikali imalizie. Vijiji vyenye korosho nyingi vina maboma matatu, sisi hatuna hata moja. Hii ni haki?

JIBU: Sisi tunaona si haki, na tutaeleza kwa nini. Fedha ya umaliziaji hufuata boma lililosimama, na mara nyingi imekuwa shilingi milioni 12.5 kwa chumba. Kijiji kisicho na uwezo wa kusimamisha kuta hakipati chochote, na chenye uwezo kinapata mara mbili, kuta zake na fedha ya Serikali. Mwaka 2021 ilionekana njia tofauti: vyumba 15,000 vya fedha za UVIKO-19 vilijengwa kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi (shule ndogo za tawi kwa watoto wanaoishi mbali na shule mama), bila kungoja boma. Vijiji maskini viliingia kwenye hesabu.

Kijiji chenu kiombe kwa njia hiyo ya pili. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu, useme mambo manne tu: idadi ya watoto wanaokaa katika chumba kimoja sasa (kiwango ni 45 kwa darasa la msingi), umbali wa shule ya jirani, nguvu ambayo kijiji kinatoa badala ya fedha, kama mchanga, kokoto, maji na siku za kazi, na thamani yake kwa shilingi. Thamani hiyo ni muhimu. Lori la mchanga mliloleta bila kuandikwa bei haliingii kwenye mchango wa jamii, na mtaambiwa hamkuchangia. Kama watoto wadogo wanatembea mbali, ombeni shule shikizi kabla ya kuomba chumba cha nyongeza kwenye shule mama.

Mkiamua kujenga boma hata hivyo, mhandisi wa halmashauri aone msingi kabla haujafukiwa. Maboma mengi yanayokataliwa yalianza bila yeye. Mfuko mmoja wa saruji utoe tofali za inchi sita zipatazo thelathini hivi. Fundi anayewaahidi hamsini anawauzia udongo. Tofali zimwagiliwe maji siku saba kivulini. Na kwa walio karibu na bahari, kuanzia Mchinga hadi Msimbati, msitumie mchanga wa ufukweni. Chumvi yake inavuta unyevu, plasta inamenyuka, na nondo za lenta zinaota kutu ndani kwa ndani hadi zege linapasuka.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Masasi. Nimesikia Marekani serikali hutoa fedha ili watoto weupe na weusi, matajiri na maskini, wasome shule moja. Inafanyikaje, na sisi tuliwahi kuwa na kitu kama hicho?

JIBU: Ilianza mahakamani. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Brown, iliamua kwamba kutenga shule kwa rangi ni kuvunja katiba. Miaka kumi ikapita na kusini mwa nchi hiyo watoto weusi waliosoma na weupe hawakufika hata watatu kwa mia. Kilichosukuma mambo ni fedha. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilisema taasisi inayobagua isipewe fedha za serikali kuu, na mwaka 1965 ikapita sheria iliyomwaga fedha nyingi za serikali kuu kwenye shule zenye watoto maskini. Wilaya ya elimu iliyokataa kuchanganya watoto ingekosa mgao huo. Kufikia 1968 karibu theluthi moja ya watoto weusi wa kusini walikuwa wakisoma na weupe.

Baadaye wakatoa fedha ya kuvutia. Mwaka 1972 kulikuwa na ruzuku kwa wilaya zilizokuwa zikiondoa ubaguzi. Ile ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwaka 1984 ukaja mpango wa kugharimia shule za sumaku. Shule hizi huwekewa somo la kuvutia, kama sayansi, muziki au lugha, ili wazazi wa kipato na rangi tofauti wapeleke watoto wao kwa hiari. Mpango huo ndio uliodumu.

Mwaka 2007 Mahakama Kuu, kwa mashauri ya Seattle na Louisville, ikazuia kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kuangalia rangi yake tu. Njia ya kuchanganya watoto kwa kipato ikapata wafuasi zaidi. Ilikuwepo kabla: tangu 2000, wilaya ya Wake katika jimbo la North Carolina iliweka lengo kwamba shule isiwe na zaidi ya asilimia 40 ya watoto wanaostahili chakula cha bure au cha bei nafuu. Ililiacha lengo hilo karibu na 2010 baada ya wazazi kulalamikia kuhamishwahamishwa na uongozi wa bodi kubadilika. Februari 2016 serikali ya Barack Obama iliomba dola milioni 120 kwa kazi ya kuchanganya watoto kwa kipato, Bunge halikutoa. Desemba mwaka huo ikatangaza mpango mdogo wa dola milioni 12, na Machi 2017 serikali iliyofuata ikaufuta. Hivyo mwalimu, ukisikia Marekani wanatoa fedha kwa jambo hili, jua kwamba ni fungu dogo linalopanda na kushuka kila uongozi unapobadilika. Tatizo lao kubwa ni mipaka. Mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, mahakama ilikataa kuvuka mipaka ya wilaya za elimu, na wenye fedha walikuwa wameshahamia vitongoji vya nje.

Hapa kwetu shule za mkoloni zilitengwa wazi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake, na la mtoto wa Kizungu lilikuwa kubwa mno kuliko la Mwafrika. Sheria ya elimu ya 1961, iliyoanza kutumika 1962, iliondoa mgawanyo huo. Sheria ya 1969 ikaiwezesha Serikali kuchukua shule za mashirika, na ndivyo Ndanda na Chidya, zilizoanzishwa na wamisionari, zilivyokuwa za umma. Kisha wanafunzi wa sekondari wakapangwa mbali na kwao. Mmakonde alisoma Tabora, Mhaya akaja Ndanda, na Serikali ikalipa nauli, bweni na chakula. Huo ulikuwa mpango wetu wa kuchanganya watoto, na uligharimu fedha nyingi. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo walionufaika walikuwa wachache. Kuanzia mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004 zikaja shule za kata. Zilifungua mlango kwa maelfu ambao wasingepata nafasi. Lakini mtoto wa kata maskini sasa anasoma na watoto wa kata maskini. Tunaziunga mkono shule za kata kwa moyo wote. Ila mchanganyiko wa zamani ulipoondoka hakuna kilichochukua nafasi yake, ukiacha kidato cha tano na sita ambako wanafunzi bado hupangwa mbali na kwao.

SWALI: Halmashauri inataka kufungua shule ya Serikali ya mchepuo wa Kiingereza hapa Mtwara mjini, wazazi wachangie. Wengine wanafurahi. Mimi nina wasiwasi. Mzazi, Mtwara.

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Halmashauri kadhaa nchini zina shule za namna hii, na mchango wake huwa ni mkubwa kwa mvuvi au mama lishe. Zikifunguliwa bila masharti, jengo na mishahara ya walimu vinatoka kwenye fedha za umma, lakini mlango unafunguliwa na mfuko wa mzazi. Zaidi ya hapo, wazazi wenye sauti huondoka kwenye shule ya mtaa, na kamati yake inabaki na watu ambao hakuna ofisi inayowaogopa.

Mpelekee diwani wako maswali kabla ya kikao cha baraza, kwa maandishi. Walimu watatoka shule gani, na huko nani ataziba nafasi zao? Nafasi ngapi zitatengwa kwa watoto wa kaya za TASAF bila mchango wowote? Sisi tungeanza na robo ya kila darasa. Waombaji wakizidi nafasi, watachaguliwaje? Usaili wa kusoma Kiingereza kwa mtoto wa miaka sita unachagua kipato cha mzazi wake, maana aliyepita chekechea ya kulipia ndiye atakayefaulu. Bahati nasibu ya wazi, majina kwenye ndoo mbele ya wazazi, ni haki zaidi na haina gharama. Masharti haya yaingie kwenye muhtasari wa baraza kabla shule haijafunguliwa. Ikishajaa, hakuna mzazi atakayekubali mtoto wake apishe.

SWALI: Binti yangu alikuwa unyagoni wiki mbili, shule ikiwa wazi. Fedha ya TASAF ikapungua. Nimwone nani? Kilwa.

JIBU: Sharti la elimu ni mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa mwezi wenye siku 20 ni siku 16, na wiki mbili zinaacha siku 10. Makato hayo ni halali, na shule ilijaza kilichotokea. Unyago upangwe likizo ya Juni au Desemba, na makungwi wengi hukubali wakiambiwa mapema. Lakini kama mtoto alikuwepo akaandikwa mtoro, au aliugua na una karatasi ya zahanati, nenda kwanza kwa mwalimu mkuu urekebishiwe daftari, kisha kwa kamati ya TASAF ya kijiji, kisha kwa mratibu wa halmashauri. Usianze na mratibu. Atakurudisha shuleni kutafuta uthibitisho.

SWALI: Sekondari ya kata iko kilomita 14. Wenye fedha wamewapeleka mabinti bweni, wetu wamepanga mageto. Tujenge hosteli? Serikali itawalisha? Tandahimba.

JIBU: Jengeni mkijua hili: fedha ya chakula ya Serikali hupelekwa kwa wanafunzi wa shule zilizosajiliwa kuwa za bweni. Hosteli ya shule ya kutwa hulishwa na wazazi, na hosteli nyingi huwa tupu mwaka wa pili kwa sababu kamati ilihesabu matofali ikasahau sahani. Makande pekee, gramu 120 za mahindi na 30 za mbaazi kwa mlo mmoja, siku 194, ni kilo 23 za mahindi na karibu kilo 6 za mbaazi kwa binti. Milo mitatu pamoja na Jumamosi na Jumapili ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Wekeni kiwango hicho kwa mahindi na mbaazi, na sehemu ya fedha ikubaliwe kwenye mkutano wa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika ili ikatwe malipo ya korosho yanapotoka, kila mwanachama akiona mstari wake kwenye karatasi ya malipo.

Hosteli ikishapata matroni, uzio, maji na vyoo vya kutosha, mkuu wa shule aanze kuomba usajili wa bweni kupitia Mthibiti Ubora wa Shule wa wilaya. Kabla ya hayo msiwahamishe mabinti, hata kama vitanda vimefika. Wakati mnajenga, hamisheni mageto yote ya mabinti yawe kwenye nyumba mbili au tatu za wamama wanaofahamika karibu na shule, majina yaandikwe kwa mtendaji wa kijiji, na mwalimu wa malezi apite mara mbili kwa wiki. Hilo linaweza kuanza Jumatatu.